Zulia la Abu Jaza

Nilipofunua sufuria mvuke ukanipiga usoni, nikajua kwamba leo nimepika. Wali umechambuka punje kwa punje, nyama ya mbuzi inaachana na mfupa yenyewe, ndimu kavu zimepasuka na kutoa uchachu wake wote. Nikapakua kwenye sinia kubwa, nikapaza sauti: "Wazee! Chakula tayari!"

Wakaja wawili. Nami wa tatu. Sisi tulikuwa wanne.

"Abu Jaza yuko wapi?" nikauliza.

"Atakuja tu," akasema Abu Bandari, akakaa mbali na sinia. Huyu ndiye mtu ambaye siku zote hukaa penye paja la mbuzi, kabla hata sijaweka chini.

Kila baridi ikiingia sisi wastaafu wanne hupiga hema nyikani, kusini ya mji wa Rafha, na wake zetu mjini wakapata kupumua. Mimi, Abu Rakani, nilikuwa mwalimu wa hesabu, sasa ni mpishi. Abu Bandari alikuwa mtunza bohari. Abu Jaza aliendesha malori ya masafa marefu mpaka sukari ilipompanda. Na wa nne ni Mutlaki bin Shafi, sisi humwita Abu Satam, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa jinai wa mkoa. Serikali ilimstaafisha mtu, macho ikayasahau kazini. Kambi yetu ina sheria moja: sinia haliguswi mpaka wote tumeketi.

Abu Satam akanawa mikono, akaitazama nafasi tupu kwenye mkeka. "Nani alimwona mwisho?"

"Usianze," nikamwambia. "Hapa si kituoni. Huyo amenuna. Jana tulimfunga karata, akazitupa zote motoni, au mmesahau? Ameondoka kwenda mjini. Alama za gari lake zile pale, zinakwenda moja kwa moja barabarani. Haya, kanusha!"

Hakukanusha. Alikwenda zilipo alama, akachutama, akaniita kwa kidole kama ninavyowaita watoto ubaoni.

"Mwalimu, juu ya alama hizi pana nini?"

"Nyayo za ngamia."

"Ngamia walipita lini?"

"Jana alasiri. Mchungaji alisimama tukampa kahawa."

"Basi gari lilipita kabla ya ngamia. Hili ni gari langu, jana nilipokwenda kuleta maji." Akasimama, akajipangusa magoti. "Abu Jaza hajanuna. Abu Jaza amekwenda mahali, na hakutaka tujue."

Nikajiona mjinga, tena mbele ya wali unaopoa. Nikamfuata hemani nikinung'unika.

Kitanda cha Abu Jaza kilikuwa kimetandikwa vizuri, kama alivyozoea tangu enzi za malori. Chini ya mto palikuwa na simu yake, imezimwa. Kando yake kiboksi cha baridi cha dawa. Abu Satam akakifungua taratibu, akatazama ndani, kisha akatazama kopo la sindano zilizotumika.

"Hii ya juu ni ya leo," akasema. "Amejidunga."

"Kila asubuhi hujidunga."

"Ndiyo. Na kila asubuhi, akimaliza, hula nini?"

Nikamwonyesha mfuko ambao mkewe humfungia: mikate, mayai ya kuchemsha, jibini. Mfuko ulikuwa na fundo lake vilevile.

"Abu Rakani," akasema Abu Satam, na sauti yake sasa haikuwa ya mzaha, "marehemu kaka yako alikuwa na sukari. Dawa ikiingia mwilini na chakula kisifuate, inakuwaje?"

"Mtu hutoka jasho. Halafu huanza kuongea upuuzi. Halafu hulala."

"Akilala?"

Wali wote ukanitoka akilini. Abu Jaza alikuwa huko nje tangu alfajiri, na jua lilikuwa linakaribia utosini.

"Tuwaite waokoaji!" nikasema.

"Simu haishiki mpaka ufike kilima cha barabarani. Ukifika, nao wakajikusanya, wakaja, itakuwa alasiri. Alasiri tutakuwa tunamtafuta ili tumzike." Alikwisha kutoka nje. "Tutamtafuta sisi. Kwanza nataka kuona jiko."

Mimi nilitaka tuwashe gari tukimbie, popote, hata kwa kuzunguka tu. Yeye akachutama penye majivu kana kwamba ana siku nzima. Ningeweza kumpiga.

Penye majivu palikuwa na dele la kahawa, limepoa. Kando yake vikombe viwili vidogo vimefudikizwa. Na pembeni, chini ya jiwe ili upepo usikichukue, kikaratasi cha kufutia mikono kimefungwa fundo dogo.

"Abu Bandari," akaita. "Hebu njoo, ndugu yangu. Leo uliamka saa ngapi?"

Abu Bandari akaja akiburuta miguu. "Mlipoamka nyinyi."

"Hukuamka kabla?"

"Sikuamka."

"Wallahi?"

"Usiniapishe!" Aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa. "Niulize lolote, Abu Satam, lakini usiniapishe, nakuomba!"

Abu Satam akafungua lile fundo. Ndani palikuwa na kokwa za tende, safi, zimelambwa mpaka zinang'aa.

"Mimi nikila tende, kokwa natupa motoni," akasema. "Mwalimu hutema popote pale."

"Ala! Mimi?"

"Wewe. Jana nimekalia moja. Abu Jaza haonji tende asubuhi kwa ajili ya sukari yake. Sasa niambieni, ni nani katika kambi hii hufunga kokwa zake kwenye karatasi kwa sababu mkewe amemfunza kwamba kokwa hazitupwi chini?"

Macho yetu yakamwendea Abu Bandari. Umm Bandari tunamwogopa sote. Mara moja alinikuta nimeweka kikombe juu ya zulia lake, na mpaka leo nikiingia nyumbani kwake nashika kikombe kwa mikono miwili.

Abu Bandari akakaa chini, akajishika kichwa. "Nilikunywa naye kahawa. Alfajiri. Akaniaga, akaondoka."

"Amekwenda wapi?"

"Sijui."

"Unajua."

"Najua," akasema. "Lakini sisemi."

Mimi nikalipuka. "Husemi? Wewe mtu umepungukiwa? Mwenzako amejidunga, hajala, yuko peke yake jangwani, na wewe umekaa tangu asubuhi unanitazama nikikaanga vitunguu!"

"Sikujua kama hajala! Alisema anarudi sasa hivi!"

"Basi sasa umejua. Sema!"

"Siwezi!" Machozi yalikuwa yanamtoka, mzee mzima. "Amekwenda kwenye fagaa zake. Hilo naweza kulisema. Lakini mahali penyewe siwezi kumwonyesha mtu wala kumwambia mtu. Aliponipeleka aliniapisha. Nami nikaapa... nikaapa kwa talaka. Kwamba nikimfichulia mtu yeyote mahali pale, Umm Bandari si mke wangu."

"Lahaula!" nikasema. "Kwa uyoga?"

Lakini nilisema hivyo kwa hasira tu. Mvua za vuli zikinyesha na radi ikapiga, na fagaa, ule uyoga wa jangwani, zikaanza kuvimba chini ya ardhi, wanaume wenye akili zao hapa kwetu huwa vichaa. Mtu atakupa ngamia wake, atakupa nyumba yake ulale, lakini hakuambii anapochimba fagaa. Na aliyempeleka mwenzake, ni lazima amwapishe. Ila watu wengine huapa kwa Mungu, wakakomea hapo.

"Basi utakwenda kwa sheikh," akasema Abu Satam. "Atakwambia ulishe maskini, yaishe."

"Nimekwishakwenda kwa sheikh!" Abu Bandari akanyoosha vidole viwili hewani. "Mara ya kwanza niliapa kwa talaka kwamba mgeni wangu lazima alale kwangu, nikamchinjia kondoo, na yule mgeni akaondoka. Mara ya pili niliapa kwamba sipandi tena gari la shemeji yangu, kisha mguu ukanivunjika, na gari la karibu lilikuwa lake. Talaka zote mbili sheikh alizihesabu, akanirudishia mke wangu. Akaniambia, Abu Bandari, ya tatu haina marejeo. Ya tatu hamrudiani tena. Nikitamka tu, sina mke."

Bibi wa miaka yote ile, mama wa watoto wake, aondoke kwa sababu ya neno moja nyikani! Na upande wa pili Abu Jaza anatoka jasho, hatujui wapi.

"Kabla ya kiapo hiki cha fagaa ulikuwa umeapa vingapi?" nikamwuliza.

"Hiki kilikuwa cha kwanza kabisa. Hivyo viwili vilikuja baadaye, na hiki nilikuwa nimekisahau, Abu Rakani. Nilidhani maisha yangu yote sitaulizwa."

Abu Satam akamshika mkono, akamwinua. "Sitaki useme. Hukusikia nikikuuliza. Twende, kaa mbele garini." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, chukua tende, maji na asali. Na niambie, zulia la mlangoni liko wapi?"

Nilitazama mlango wa hema. Kweli, zulia kuukuu la Abu Jaza, lile tunalofutia miguu, halikuwapo. Palikuwa na mraba mtupu wa mchanga uliolala.

"Asubuhi nilitoka nikakanyaga mchanga kwa soksi," nikasema. "Nilidhani mmelikung'uta."

"Mtu anayekwenda kuchimba uyoga anataka kijiti na mfuko. Zulia la nini?" Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Amelifunga nyuma ya gari. Analiburuta, linamfutia alama. Dereva wa malori ni dereva wa malori!"

"Sasa kama amezifuta tutamfuataje?"

"Alama amefuta. Tazama chini, mwalimu. Unaona nini?"

"Changarawe. Na mavi ya ngamia."

"Kila mahali?"

Nikatazama. Kundi la jana lilikuwa limetapanya vinyesi vyake uwanja mzima, vyeusi, vikavu, huwezi kuweka mguu bila kuvikanyaga. Ila nyuma ya hema, kuelekea magharibi, palikuwa na ukanda mmoja, upana wa zulia, ambao haukuwa na hata kimoja. Ulikuwa msafi kama baraza la Umm Bandari.

"Ee Mola!" nikapiga kelele. "Amefagia jangwa!"

Tukaingia garini. Wallahi tangu nistaafu sijapata kwenda mbio namna ile. Abu Satam ameshika usukani, mimi nimetoa kichwa dirishani, napiga kelele: "Kushoto kidogo! Nyoosha! Nyoosha! Upo!" Ukanda ulipita katikati ya vichaka, ukashuka bondeni, ukapanda. Palipopita ngamia wengi ulionekana wazi. Palipopita wachache nilitafuta vijiti vilivyolazwa upande mmoja, navyo nikaviona. Moyo ulinienda mbio, nikasahau miaka yangu, nikasahau mgongo wangu. Nafsi ilinisuta kwa kufurahi wakati mwenzetu yuko hatarini, lakini nilifurahi, nisiseme uongo.

Abu Bandari alikaa mikono kati ya mapaja, macho mbele.

Kisha tukafika kwenye jabali tambarare, na ukanda ukatoweka. Jiwe tupu, pana, limeoshwa na mvua. Halina kinyesi, halina kijiti, halina mchanga. Ng'ambo ya jabali palikuwa na mabonde mawili, moja linakwenda kushoto na moja kulia.

Abu Satam akapunguza mwendo, akaelekeza gari kushoto. Niliona jicho lake limeshuka kwenye mguu wa Abu Bandari. Mguu ule ulikuwa unakanyaga sakafu ya gari kwa nguvu, unatafuta breki ambayo haipo. Abu Satam akageuza kidogo kulia. Mguu ukalegea.

"Ahaa," akasema polepole.

Abu Bandari akashtuka. Akatazama mguu wake, akatazama sisi, na mara akaipandisha miguu yote miwili juu ya kiti akaikumbatia, na macho akayafumba kwa nguvu. "Ebo! Unanisoma mguu! Nimeapa nisionyeshe! Mguu nao si unaonyesha?"

"Mguu haujaapa!" nikamfokea.

"Mguu ni wangu!"

Abu Satam akazima gari. Upepo ulipiga mlangoni. Hakupandisha sauti. Katika miaka yake ya kazi, watu wanasema, hakuwahi kumpigia mtu kelele, na ndiyo maana walimwogopa.

"Abu Bandari, nisikilize. Ulivyoificha miguu yako sasa, sijui tena kama mguu ulilegea kwa sababu ya bonde la kulia au kwa sababu ya kuchoka. Sitakuuliza. Nitachagua mwenyewe. Nikikosea, tutakwenda mpaka mwisho wa bonde, turudi, tuanze upya. Wewe unajua kama Abu Jaza ana muda huo. Mimi sijui."

Akawasha gari. Akaingiza gia. Magurudumu yakaanza kuzunguka kuelekea kushoto.

"Kulia!"

Sikuwahi kumsikia Abu Bandari akitoa sauti ile. "Kulia! Fuata bonde mpaka kilima chenye mgongo mweusi, ni nyuma yake! Endesha, Abu Satam, mbona umesimama, endesha!" Kisha akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. "Ee Umm Bandari. Nisamehe, mama Bandari. Nisamehe."

Nilimshika bega kutoka nyuma. Nilimshika tu mpaka kilima cheusi kikatokea, na gari likazunguka nyuma yake likiruka mawe.

Hapakuwa na mtu.

Uwanja mweupe, mtupu, mpaka macho yanapokomea. Hakuna pikapu, hakuna Abu Jaza. Abu Bandari alishuka kabla gari halijasimama, akakimbia huku na huku akiita, sauti inamkatika. "Abu Jaza! Abu Jaza! Ilikuwa hapa, wallahi ilikuwa hapa!"

Abu Satam akachutama. Akachukua udongo, akausugua vidoleni, akaulamba. Akatema.

"Alikuleta hapa lini?"

"Mwaka niliostaafu!"

"Mlichimba pamoja?"

"Alichimba yeye. Aliniambia nikae garini, nisije nikazikanyaga. Akatoa tatu, kubwa, kama ngumi!"

"Ulimwona akizitoa ardhini?"

Abu Bandari akafikiri. "Nilimwona akiinama. Halafu nilimwona akiinuka nazo."

"Hapa ni chumvi tupu," akasema Abu Satam. "Fagaa huota penye raguruki, kile kijimti kidogo chenye maua ya njano. Hapa hakuna hata kimoja, wala hakijawahi kuwepo. Zile fagaa alikuja nazo mfukoni, ndugu yangu. Alikuonyesha shamba la uongo."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika boneti. Abu Bandari alisimama mdomo wazi, mambo yanamwingia moja moja.

"Basi... mahali pake sijapasema?"

"Umesema mahali ambapo si pake. Neno la mwisho ni la sheikh, lakini mimi nikiitwa shahidi nitasema hukufichua kitu, maana hukuwa na kitu cha kufichua."

"Nina mke!" Alimrukia Abu Satam, akambusu kichwani, akanirukia mimi akanibusu pua. "Nina mke! Al-hamdulillahi!" Halafu uso ukambadilika. "Mwongo yule! Miaka yote hii nimefunga mdomo kwa chumvi! Mwongo, mnafiki, mwizi wa..." Akakatika hapohapo. "Lakini yuko wapi? Abu Satam, kama si hapa, yuko wapi?"

Furaha yetu ikakatika kama uzi.

Abu Satam alikuwa amekwishasimama, anatazama mbele. "Kukutupa mbali kabisa asingeweza. Wewe ni mtu wa nyika, ungejiuliza kwa nini kila mwaka anaelekea upande mwingine. Mtu akidanganya njia, husema kweli karibu yote, hukata mwisho tu. Amepita hapahapa, akaendelea. Na alipopita hapa hakuwa na haja tena ya kufagia, kwa sababu atakayemfuata atadhani amefika. Litafuteni zulia."

Tukatawanyika. Nilikimbia, mimi ambaye ngazi za msikiti hunishinda. Na nililiona mimi, naomba ijulikane, mimi mwalimu wa hesabu: limekunjwa, limesukumwa chini ya kichaka cha mwisho, pale chumvi inapoisha na ardhi nyekundu inapoanza.

"Hili hapa! Na alama hizi hapa!"

Alama za magurudumu zilitoka pale wazi kabisa, hazikuguswa, mbichi. Abu Satam alileta gari, tukaingia linatembea. Sasa hapakuwa na haja ya macho ya mpelelezi, hata mtoto angefuata. Tukapanda mwinuko, tukashuka upande wa pili, na Abu Bandari akapiga ukelele.

Pikapu nyeupe ilikuwa imezama kwenye tope, pale maji ya mvua yaliposimama, mpaka kwenye ekseli. Mlango uko wazi. Na upande wa kivuli, Abu Jaza amelala ubavu, joho lake la manyoya limelowa jasho, kijiti cha kuchimbia bado kimo mkononi.

Abu Bandari alifika kwanza. "Abu Jaza! Ndugu yangu! Amka!"

Macho yakafunguka nusu. "Mama," akasema Abu Jaza akimtazama, "nimekwambia shule sitaki."

"Yu hai!" nikalia. "Anaongea upuuzi, yu hai!"

"Asali," akasema Abu Satam. "Usimmiminie, atapaliwa. Mpake."

Nilichovya kidole, nikampaka ndani ya shavu, kwenye ufizi, tena na tena. Abu Bandari alikiweka kichwa chake kwenye paja lake, anamfuta jasho kwa kitambaa, anamwita kwa majina yote anayoyajua na mengine ya matusi. Tulingoja. Abu Satam ameshika kifundo cha mkono wake. Kisha koo la Abu Jaza likameza. Akaramba midomo. Nikampaka zaidi. Akameza tena, akafungua macho kabisa, akatutazama mmoja mmoja, na safari hii alituona.

"Nani," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "kawaleta huku?"

Hapo ndipo nilipotazama nilipopiga goti. Ardhi nyekundu ilikuwa imepasuka mipasuko midogo kila mahali, imevimba hapa, imevimba pale, na kila uvimbe kando yake pana kijimti chenye maua ya njano. Nilisukuma udongo kwa kidole gumba. Fagaa nyeupe, kubwa, baridi. Nikasukuma pengine. Nyingine. Sijapata kuona wingi ule maishani mwangu.

"Mimi," akasema Abu Bandari. "Niliwapeleka kwenye chumvi yako."

Abu Jaza akafumba macho. Nadhani kama angeweza kuzimia tena kwa hiari yake, angezimia. "Abu Bandari. Ilinibidi. Unajua mdomo wako ulivyo."

"Najua. Mdomo wangu umekaa kimya tangu alfajiri huku wewe unakufa. Kwa shamba la chumvi, Abu Jaza! Niliutia kufuli mdomo wangu kwa talaka ya mke wangu, na funguo ulikuwa nazo wewe mfukoni!"

Hakuna aliyecheka. Abu Jaza aliomba maji, akanywa, akala tende niliyomtolea kokwa. Rangi ikamrudi. Na rangi ilipomrudi, Abu Jaza akarudi kuwa Abu Jaza: akajiinua, akaegemea gurudumu, akatukunjia uso.

"Haya. Mmenivuta kutoka kaburini, Mungu awalipe. Lakini sasa mmepaona. Mwalimu, Abu Satam, Abu Bandari, mtaapa. Hapahapa. Kwamba mahali hapa hamtamwonyesha mtu."

Mimi niliapa, kwa Mungu, basi. Abu Satam akaapa. Kisha tukamgeukia Abu Bandari, na alikuwa amekwisha kuinua mkono wake wa kulia, kidole juu, mdomo umefunguka.

Akaushusha mkono.

"Siapi," akasema.

"Unasemaje?" akauliza Abu Jaza.

"Siapi. Si kwa talaka, si kwa Mungu, si kwa kichwa cha mwanangu. Kesho tukipakua chakula na wewe hujarudi, nitawaleta hapa. Nitamleta mchungaji, nitawaleta waokoaji, nitaleta Rafha nzima na magari yao wakukanyagie fagaa zako zote. Sitangoja niulizwe." "Ukitaka kunifukuza kambini, nifukuze."

Abu Jaza alimtazama. Asali ilikuwa imemgandia ndevuni na hakuifuta. Kisha akamtupia kile kijiti cha kuchimbia, kikaanguka miguuni pake.

"Basi uwalete," akasema. "Chimba sasa, tusirudi mikono mitupu."

Abu Bandari akakiokota kijiti, akapiga magoti kwenye udongo mwekundu. Alichimba huku analia, na fagaa ya kwanza aliyoitoa alimpelekea Abu Jaza mkononi.